Madafu baridi na maumivu ya hedhi

Hapa Mombasa wasichana wengi hukatazwa madafu na maji ya barafu wakiwa hedhini, kwa imani kwamba baridi hugandisha damu na kuleta maumivu.

Lakini unachokunywa hakipiti kwenye mji wa mimba, na kikifika tumboni hupata joto la mwili upesi. Uchungu hutoka kwingine. Utando wa ndani wa mji wa mimba unapobomoka hutoa prostaglandini, kemikali zinazofanya kazi papo hapo zinapotengenezwa kisha huvunjwa haraka, tofauti na homoni zinazosafiri mbali kwa damu. Prostaglandini ndizo zinazoukaza msuli wa mji wa mimba. Zikizidi, msuli hubana hata mishipa yake ya damu, na maumivu hushuka hadi mapajani. Wengine huharisha.

Chupa ya maji moto wanayoshauri akina mama, hiyo kweli husaidia.

Soma karatasi iliyo ndani ya pakiti ya ibuprofeni, dawa ya kutuliza maumivu. Dawa hiyo huzuia prostaglandini kutengenezwa, na onyo lake la vidonda vya tumbo linatokana na jambo hilohilo: prostaglandini pia hulinda ukuta wa tumbo. Andika pia, kwa miezi kadhaa, ulichokunywa na siku ulizoumwa, ulinganishe. Maumivu yanayomkosesha binti shule, tafadhali mpelekeni kwa daktari, asiambiwe avumilie.