Je, wajua kwa nini redio ya AM hushika vituo vya mbali usiku?

Redio ya babu ilikuwa ya mawe manne, kifuniko chake cha nyuma kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Mchana hakuturuhusu kugusa upande wa AM. "Ngoja yua litwe kwanda," alikuwa akituambia kwa Kiamu chake, Kiswahili cha Lamu, maana kabla ya jua kuzama hukupata kitu ila mkwaruzo na kituo kimoja cha nchini. Baada ya Isha tulipanda naye juu ya dari, chini ya makuti, akaanza kuzungusha kitufe polepole kama anayefungua kufuli la watu. Hapo palipokuwa kimya mchana, sasa pana Kiarabu, Kisomali, Kihindi, mwimbaji asiyejulikana wa wapi. Kituo kimoja alikijua kwa nambari: kilohezi 1431, Radio Sawa, iliyokuwa ikirushwa kutoka Djibouti. Toka Lamu hadi Djibouti ni kama kilomita 1,500.

Sababu aliyotupa ilikuwa fupi: usiku hewa imetulia. Kwa sauti ya mtu alikuwa sahihi. Hewa ya baridi ikilala juu ya maji, mazungumzo ya wavuvi wa ng'ambo, kisiwa cha Manda, utayasikia kana kwamba wako gatini. Lakini mawimbi ya redio hayabebwi na hewa. Yanapita hata pasipo na hewa kabisa. Na Djibouti hawakuwa wakingoja usiku ndipo wawashe mitambo. Matangazo yalikuwa yakitoka mchana vilevile. Yalikuwa yakimezwa njiani, na mmezaji ni jua.

Juu ya vichwa vyetu, kuanzia kilomita 60 hivi, mwanga mkali wa jua hupasua chembe za hewa na kuziacha elektroni zikizurura. Eneo hilo lote huitwa ayonosfia, na lina matabaka. La chini kabisa, baina ya kilomita 60 na 90, wataalamu hulitaja kwa herufi D. La juu kabisa, kilomita 200 na kwenda mbele, ni F. Wimbi la AM likipanda kutoka kwenye mnara hukutana na D kwanza, na hapo ndipo penye shida.

Mtu wa Lamu ataelewa haraka akikumbuka barabara ya Langoni siku za Maulidi. Ukijaribu kukimbia utagonga bega la huyu, kikapu cha yule, punda wa watatu, na ukifika mwisho huna nguvu tena. Elektroni za D husukumwa na wimbi, lakini kwa urefu ule hewa bado ni nzito kiasi, kwa hiyo kila zikitikisika hugonga chembe nyingine na nguvu ya wimbi huishia kuwa joto. Wimbi linakufa hapo, halifiki juu wala halirudi chini.

Jua likishazama, D haina wa kuilisha. Elektroni zake hurudiana na chembe zilizotoka, na kwa dakika chache tu tabaka hilo huwa karibu limefutika. F yenyewe hubaki, kwa sababu kule juu hewa ni nyembamba mno. Elektroni huweza kukaa usiku kucha bila kukutana na mwenziwe wa kuungana naye. Kwa hiyo wimbi hupita palipokuwa na D, hufika juu, hupindwa na kurudishwa ardhini mbali sana na mnara. Djibouti ni mruko mmoja. Mtambo wa Rajkot kule Gujarat, uliojengwa kwa nguvu za kilowati 1,000 kwenye kilohezi 1071, uko zaidi ya kilomita 4,000 kutoka Lamu, na wimbi lake linahitaji miruko miwili: juu, chini baharini, juu tena, kisha kwetu.

FM haina bahati hiyo. Masafa yake ni ya juu mno, hupenya matabaka yote na kupotelea angani, ndiyo maana hukomea karibu na upeo wa macho.

Aliyegundua tofauti ya usiku na mchana ni Marconi, Mtaliano aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa redio, Februari 1902, akiwa ndani ya meli Philadelphia kuelekea Marekani. Mchana ishara za kutoka Uingereza zilikatika baada ya kilomita 1,100 hivi. Usiku herufi moja moja zilimfikia akiwa zaidi ya kilomita 3,000. Hakujua sababu. Mwaka huohuo wataalamu wawili, Kennelly na Heaviside, kila mmoja kivyake, walisema lazima kuna tabaka huko juu linalorudisha mawimbi, na mwaka 1924 mwanafizikia Mwingereza Appleton akalithibitisha kwa kutumia mtambo wa BBC wa Bournemouth, Uingereza. Alipewa Nobel mwaka 1947. Pwani yetu nayo imo katika habari hii: tarehe 26 Aprili 1967, kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini Ngomeni, karibu na Malindi, Waitaliano walirusha setilaiti San Marco 2, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuchunguza jinsi ayonosfia inavyoyatenda mawimbi ya redio yaendayo mbali.

Sasa kuishi kisiwani kama Lamu kunasaidiaje? Maji ya chumvi. Wimbi linalotambaa juu ya ardhi huchoka haraka, kwa kuwa udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Maji ya bahari hupitisha mara mamia, pengine maelfu, kuliko udongo huo, na wimbi huteleza juu yake kama jahazi lenye upepo wa nyuma. Hata wimbi linaloshuka kutoka juu hupata nguvu likitua juu ya bahari badala ya nchi kavu. Wazee wa Shela, kijiji cha hapa kisiwani, huhadithia kwamba Unguja waliipata hata mchana, na si ajabu, maana njia yote baina ya huko na huku ni maji.

Kitu nilichokipenda zaidi nilipoanza kufuatilia mambo haya ni mpangilio wa vituo kuingia. Usiku hutujia kutoka upande wa Bahari Hindi. Magharibi inapoadhiniwa Lamu, India kuna giza la saa mbili tayari, kwa hiyo njia ya mashariki iko wazi huku bara la Afrika upande wa pili likiwa bado na jua. Vya mashariki na Uarabuni hutangulia, vya magharibi hufuata. Alfajiri mambo hugeuka: mashariki hufunga kwanza. Nasi tuliopo karibu na ikweta usiku wetu ni sawasawa mwaka mzima, hatuna haja ya kungoja miezi ya baridi kama wa Ulaya.

Mwenye hamu ya kujaribu ajue mambo mawili. Ndani ya redio ndogo mna kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Hicho ndicho erieli ya AM, na ule mrija unaouvuta juu hausaidii kitu. Kijiti husikia vizuri kwa ubavu, hakisikii kwa ncha. Weka redio mezani, uigeuze taratibu kama robo ya mzunguko: kituo kinachokukera kitazama, kilichokuwa nyuma yake kitajitokeza. La pili ni nambari. Kwetu Afrika vituo vya AM hupishana kwa kilohezi 9, Marekani kwa 10. Binamu yangu alinunua redio ya tarakimu ikawa inaruka toka 1430 hadi 1440, vituo vingi visisikike sawasawa, akairudisha dukani kwa hasira. Mwenye duka alibonyeza kidude cha nyuma kilichoandikwa 9 na 10, akamrudishia bila kusema neno.

Sauti itapanda na kushuka, hilo usilishangae: wimbi linakufikia kwa njia mbili au tatu za urefu tofauti, mara zinasaidiana, mara zinauana. Na ule mpasuko wa ghafla ni radi, pengine ya Kongo, iliyosafiri kwa njia ileile ya F.

Adui mkubwa siku hizi yuko ndani ya nyumba. Chaja ya simu, taa za LED, inveta ya sola, kila kimoja kina mvumo wake kwenye AM, na mji wa Lamu nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, kwa hiyo unasikiliza na chaja za majirani. Stima ikipotea mtaa mzima watu hupiga makelele ya kulalamika. Mimi huchukua redio nikapanda juu ya dari.