Mchezo uliouzwa ukiwa na pengo

Watu wakieleza kwa nini Pokémon, mchezo wa video wa Kijapani wa kukamata viumbe na kuwapambanisha, ilienea dunia nzima, huanza na Pikachu, kiumbe wake maarufu kuliko wote: mashavu mekundu, mkia wa radi, sauti ya kitoto. Mimi natengeneza michezo ya video na kuifundisha, na mazoea ya kazi hunifanya nianzie kwingine. Naanzia kwenye waya.

Game Boy, mashine ya michezo ya kushika mkononi ya kampuni ya Nintendo, ilipotoka Japani mwaka 1989 ilikuwa mashine duni hata kwa wakati wake. Kioo kidogo kisicho na rangi, betri nne, sauti nyembamba. Ila pembeni ilikuwa na tundu la kuchomekea waya wa kuiunganisha na Game Boy nyingine. Watengenezaji wengi waliuona waya huo kama njia ya kushindanisha watu wawili. Satoshi Tajiri, mbunifu wa Pokémon, aliutazama akawaza wadudu wakitambaa ndani yake, kutoka mashine moja kwenda nyingine.

Wazo hilo halikumjia hivi hivi. Tajiri, aliyezaliwa mwaka 1965, alikulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, enzi ambazo mashamba na mabwawa yalikuwa yakifukiwa kupisha nyumba na barabara. Kwa watoto wa Kijapani, kukamata wadudu wakati wa likizo ya kiangazi ni jambo la kawaida: wavu mkononi, kizimba kidogo begani, na mbawakawa mwenye pembe akiwa ndiye tunu inayogombewa. Tajiri alizidi kiasi mpaka wenzake wakamwita Daktari Mdudu. Mabwawa yalipokwisha, akahamia kwenye kumbi za michezo ya mashine. Mwaka 1983 akaanzisha kijarida chake, Game Freak, akikiandika kwa mkono na kukitoa fotokopi. Ken Sugimori akajiunga kama mchoraji, na mwaka 1989 kijarida kikazaa kampuni yenye jina lilelile.

Kuna kisa ambacho Tajiri amewahi kukisimulia, nami nakiona ndiyo mbegu yenyewe. Alikuwa akicheza mchezo wa video wa Dragon Quest II akitafuta kofia fulani adimu, na hakuipata. Sugimori alikuwa nazo mbili. Tajiri akatamani apewe moja, lakini kaseti ya Sugimori haikuwa na mlango wa kuitolea.

Mlango huo aliujenga kwa muda mrefu. Alipeleka pendekezo Nintendo mwaka 1990 kwa jina la Capsule Monsters, na mchezo ukatoka tarehe 27 Februari 1996. Katikati fedha zilikauka, baadhi ya wafanyakazi wakaondoka, na Game Freak ikalazimika kutengeneza michezo mingine ili ijikimu. Tsunekazu Ishihara wa kampuni ya Creatures akaingia kuusukuma mradi. Ulipomalizika, Game Boy ilikuwa imezeeka na wengi walishaihesabu kuwa imekwisha.

Sasa tuje kwenye kile ninachowasisitizia wanafunzi wangu. Mchezo ule haukuuzwa mmoja. Ziliuzwa kaseti mbili, Nyekundu na Kijani, wazo ambalo sifa zake hupewa Shigeru Miyamoto, mbunifu wa michezo wa Nintendo. Hadithi ileile, ramani ileile, tofauti ikiwa viumbe wachache tu. Mwenye Nyekundu atamkuta Ekans lakini hatamwona Sandshrew. Mwenye Kijani atampata Vulpix, na Growlithe atabaki kumsikia kwa jirani. Ongeza hili: mwanzoni unachagua kiumbe mmoja kati ya watatu, na wawili uliowaacha hutawakuta popote porini. Kazi uliyopewa ni kuijaza kamusi ya viumbe wote, ilhali kaseti uliyoinunua haiwezi kuijaza hata uicheze miaka kumi. Pengo hilo liliwekwa makusudi.

Anayetengeneza michezo akiona mpango huu hushika kichwa. Kwa kawaida tunaogopa kumnyima mchezaji kitu alicholipia. Hapa kunyimwa ndiko kulikomtoa mtoto nyumbani akamtafute mwenzake mwenye rangi nyingine.

Tena hawakuishia hapo. Viumbe wanne, Kadabra, Machoke, Graveler na Haunter, hawakui kufikia umbo lao la mwisho mpaka wapitishwe kwenye waya. Unampa rafiki Haunter, anamgeuka mkononi kuwa Gengar, kisha inabidi umwamini akurudishie. Fikiria ni kiasi gani cha urafiki wa miaka kumi kilipimwa hapo! Na kiumbe uliyempata kwa kubadilishana hukua haraka zaidi kuliko uliyemkamata mwenyewe, lakini akiwa na nguvu kupita beji ulizonazo, yaani nishani za ushindi ndani ya mchezo, anakataa kukutii. Sentensi moja ya programu ikawazuia wakubwa kuwagawia wadogo majitu ya kumalizia mchezo kwa siku moja. Naipenda kanuni hiyo kuliko kitu kingine chochote ndani ya kaseti ile.

Mauzo ya mchezo wa video kwa kawaida hupanda wiki za kwanza kisha hushuka. Ya Pokémon yalianza polepole, yakaendelea kupanda mwezi baada ya mwezi, kwa sababu kila aliyenunua alihitaji mwingine anunue. Kisha akaja Mew. Shigeki Morimoto, mmoja wa waandika programu, alimwingiza kimyakimya mwishoni kabisa, katika nafasi ndogo iliyobaki baada ya zana za ukaguzi kuondolewa, baiti 300 hivi. Hakukusudiwa kuonekana na wanunuzi. Hitilafu ikawafanya baadhi ya wachezaji wakutane naye, na uvumi ukaenea shuleni. Jarida la watoto la CoroCoro likatangaza zawadi ya Mew kwa washindi 20, na maombi yakafika takribani 78,000. Baadaye huko Marekani watoto waliapa kwamba Mew amefichwa chini ya lori lililoegeshwa karibu na S.S. Anne, meli iliyomo ndani ya mchezo. Lori lipo kweli. Chini yake hakuna kitu.

Katuni ya televisheni ilianza Aprili 1997, na ndiyo iliyomfanya Pikachu kuwa sura ya yote. Sitakaa sana hapo, ila niseme kwamba mzigo huu nusura uvunjike njiani. Desemba mwaka huohuo kipindi kimoja chenye mwanga wa kumetameta kwa kasi kilisababisha mamia ya watoto wa Japani kupelekwa hospitali, na katuni ikasimamishwa kwa miezi minne. Ilipovushwa kwenda Marekani mwaka 1998, kijana Satoshi, mhusika mkuu wa katuni aliyepewa jina la Tajiri mwenyewe, akaitwa Ash, karibu viumbe wote wakapewa majina mapya, na matonge ya wali yakaelezwa kuwa maandazi matamu. Kinachonivutia ni kile ambacho hawakuthubutu kukigusa: kaseti ziliendelea kuwa mbili, Nyekundu na Bluu safari hii, na viumbe wakaendelea kugawanywa.

Kadi za Pokémon, zilizoanza Japani Oktoba 1996, zilifanya kazi ya waya bila kuhitaji mashine. Pakiti imefungwa, hujui kilichomo, ukipata ya ziada unamtafuta wa kubadilishana naye. Aliyecheza gololi utotoni anajua uwanja wa shule unavyogeuka soko, na anajua pia machozi ya aliyefilisiwa. Ndiyo maana mwaka 1999 shule nyingi za Marekani zilipiga marufuku kadi hizo, na wazazi kule California wakafungua kesi wakidai kwamba kuuza pakiti zenye bahati nasibu ni kamari. Mwaka 2001 Saudi Arabia nayo ikaipiga marufuku Pokémon kwa fatwa. Madai ya alama za siri kwenye kadi ndiyo yaliyochekwa sana magazetini ya nje, lakini hoja ya kamari ilikuwemo pia, na hiyo sioni kwa nini ichekwe. Mtoto anayelipia pakiti asiyojua kilichomo anakisia kwa fedha. Miaka ishirini baadaye kadi moja tu, Pikachu Illustrator, iliyokuwa zawadi ya mashindano ya uchoraji ya CoroCoro, ilinunuliwa kwa zaidi ya dola milioni 5 za Marekani.

Julai 2016 ikaja Pokémon Go, mchezo wa simu uliotengenezwa na kampuni ya Niantic, na watu wazima wakaonekana wakizunguka bustani za miji mikubwa simu zikiwa usoni. Wengi wamesahau kwamba ilitoka bila uwezo wa kubadilishana viumbe. Nafasi ya mwenzako ilichukuliwa na mahali: sanamu, kanisa, mnara, vituo ambavyo ni lazima uvifikie kwa miguu. Lakini orodha ya vituo ilitokana na mchezo wa awali wa Niantic, Ingress, ambao wachezaji wenyewe ndio waliopendekeza maeneo. Pale ambapo wachezaji wa Ingress walikuwa wachache, ramani ilibaki tupu. Waandishi wa Marekani waliligundua hilo mapema, kwamba mitaa ya watu weusi ilikuwa na vituo vichache kuliko mitaa ya weupe. Vijijini napo, popote duniani, mchezo ulikuwa jangwa. Kubadilishana kuliongezwa Juni 2018, na kwa masharti: wawili muwe marafiki ndani ya mchezo, na msimame karibu. Kwa maneno mengine, urefu wa waya ulirudishwa kwa makusudi katika zama za intaneti.

Kosa hilohilo limejaribiwa tena hivi karibuni. Oktoba 2024 ilitoka Pokémon TCG Pocket, programu ya simu ya kufungua pakiti za kadi za kidijitali, nayo ilianza bila kubadilishana. Huduma hiyo ilipoletwa Januari 2025, kadi adimu zilihitaji tokeni maalumu, na njia kuu ya kuzipata tokeni ilikuwa kuteketeza kadi zako nyingine za thamani. Wahusika walieleza kwamba wanazuia roboti na wenye akaunti nyingi, hofu ambayo kitaaluma naielewa. Wachezaji hawakuielewa hata kidogo. Hasira zilikuwa kubwa mno kwa kitu kinachoweza kuonekana kama kipengele cha pembeni, na kabla mwaka haujafika Agosti tokeni zilikuwa zimeondolewa.