Utumishi wa kumbukumbu nchini Austria: dhana potofu na ukweli

Kijana wa kiume wa Austria asiyetaka kushika silaha anaweza, kwa masharti ya sheria, kutimiza wajibu wake kwa taifa, badala ya jeshi la lazima, akiwa nje ya nchi, katika taasisi inayotunza kumbukumbu ya Maangamizi ya Wayahudi. Utumishi huo huitwa Gedenkdienst, yaani utumishi wa kumbukumbu.

Dhana potofu: Vijana hawa wanaadhibiwa kwa makosa ya babu zao.

Ukweli: Halazimishwi mtu, kijana huomba mwenyewe. Isitoshe, kilichowasukuma waanzilishi hakikuwa hatia ya kurithi bali simulizi ya nchi iliyoonewa, ambayo taifa lilijifichia kwa miongo kadhaa. Tamko la Moscow la mwaka 1943, lililotolewa na mataifa yaliyokuwa yakipigana na Ujerumani, liliitaja Austria kuwa nchi huru ya kwanza kuangukia mikononi mwa Hitler, na baada ya vita kauli hiyo ikageuzwa kinga dhidi ya maswali yote. (Tamko hilohilo liliikumbusha Austria kuwa nayo inawajibika kwa kupigana upande wa Ujerumani, ila sehemu hiyo haikuwa na wanukuzi wengi.) Umati uliomshangilia Hitler jijini Vienna mwezi Machi 1938, kambi ya mateso ya Mauthausen iliyofunguliwa mwaka huohuo karibu na Linz, na Wayahudi wa Austria wapatao 65,000 waliouawa, vyote vilikuwa vigumu kuoanishwa na picha ya nchi iliyoonewa tu. Mwanasayansi wa siasa Andreas Maislinger, ambaye alikwisha kujitolea katika makumbusho ya Auschwitz, iliyokuwa kambi ya mauaji nchini Poland, kupitia shirika la Kijerumani la Aktion Sühnezeichen lililoanzishwa mwaka 1958, alidai kwa miaka mingi kwamba kazi ya namna hiyo itambuliwe na sheria ya nchi yake. Mnamo Julai 1991 Kansela Franz Vranitzky alikiri bungeni kuwa Waaustria nao walihusika, na tarehe 1 Septemba 1992, miaka 53 kamili tangu Poland ishambuliwe, kijana wa kwanza alianza utumishi hukohuko Auschwitz.

Dhana potofu: Ni njia ya mkato ya kukwepa jeshi.

Ukweli: Tangu mwaka 2006 jeshi huchukua miezi 6 na utumishi wa kiraia, ulio mbadala wake ndani ya nchi, miezi 9, ilhali Gedenkdienst huchukua muda mrefu zaidi ya hiyo yote miwili. Anayetafuta wepesi angebaki kambini.

Dhana potofu: Wanawake hawaruhusiwi.

Ukweli: Uandikishaji wa lazima unawahusu wanaume peke yao, lakini tangu mwaka 2016 sheria inawafadhili wanawake pia katika utumishi huu.

Dhana potofu: Kazi yenyewe ni kuweka mashada na kuinamisha vichwa.

Ukweli: Sehemu kubwa ni kazi ya mezani. Katika hifadhi za nyaraka vijana husoma barua zilizoandikwa kwa Kurrent, mwandiko wa kale ambao hata mzaliwa wa Vienna leo hana budi kujifunza upya, kisha huzifasiri na kuziorodhesha. Wengine huongoza wageni au huwatembelea manusura wazee. Wamefika Yad Vashem, makumbusho ya Maangamizi mjini Jerusalem, Washington, Terezín, uliokuwa mtaa wa kuwafungia Wayahudi nchini Cheki, na hata Shanghai, bandari ambayo mwaka 1938 Wayahudi wengi wa Vienna waliikimbilia kwa viza walizogongewa na konseli wa China aliyekuwa jijini humo, Ho Feng-Shan.