Sadfa si kila ndege uliyebahatika kumwona

Wengi wetu tulilifahamu neno sadfa darasani, kwenye mbinu za fasihi: matukio mawili yanakutana bila kupangwa, wala moja halikulisababisha jingine. Maana hiyo inatosha. Kinachonikera ni vile watu wanaorudi kutoka kutazama ndege Nakuru au Kakamega wanavyolitumia. Kila ndege aliyewafurahisha siku hizi ameonekana "kwa sadfa".

Kuna sharti linalosahaulika: pasiwe na jambo la tatu lililoyaleta yote mawili. Uko msitu wa Kakamega, umetembea kitambo husikii hata bawa, mara vichaka vya chini vinajaa ndege wa kila aina, wanarukaruka na kudonoa bila kukujali. Mgeni hupiga kelele, sadfa iliyoje! Angetazama karibu na viatu vyake angeona siafu wakipita. Panzi, buibui na mende wanawakimbia siafu, na ndege wamekuja kuwanasa hao wanaokimbia. Wapo ndege wa msitu ule ambao riziki yao hasa ni kuandamana na misafara ya siafu. Hawakukutana pale hivihivi, waliitwa na mlo mmoja.

Turako mkubwa wa buluu naye hufuata mkuyu ulioiva. Mwewe na mbayuwayu hujaa angani mvua ikikatika na kumbikumbi wakianza kuruka. Flamingo wa Nakuru, ambao husafiri zaidi usiku kutoka ziwa hadi ziwa, hufuata mwani. Maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda miaka ya 2010, chumvi ilizimuka, mwani ukapungua, na wengi wakaenda Ziwa Bogoria. Aliyewakosa Nakuru hakuandamwa na mkosi.

Bahati ni neno jingine kabisa. Bahati humhusu mtu, jinsi jambo lilivyomwangukia. Sadfa huyahusu matukio yenyewe na kutohusiana kwao. Unaweza kubahatika sana mahali ambapo hapana sadfa hata chembe.

Sadfa ya kweli ipo, nami huipenda mno. Mko kwenye mashua Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria huko Kisumu, mnamzungumzia yule ndege wa mafunjo, mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano. Jina lake halijaisha mdomoni, huyo ametua kwenye bua mbele yenu. Maneno yenu hayakumwita. Mwili unasisimka, na ni haki yake. Ila mafunjo ndiyo makao yake, na zile siku mlizomtaja asitokee hakuna anayezisimulia.

Kwa hiyo, ndugu, ukimwona ndege uliyemtamani, sema umebahatika, hakuna atakayekupinga. Kabla hujasema sadfa, tazama kwanza chini kama hapana siafu, kisha juu, uone kama mti una matunda.