Uanagenzi wa kuishi shambani: kujifunza kilimo cha bayodinamiki kwa kukaa na wakulima

Uanagenzi wa kuishi shambani ni mafunzo ambayo anayetaka kuwa mkulima huhamia kwenye shamba la mkulima mzoefu, akalala hapo, akala hapo, na kufanya kazi za kila siku pamoja na wenyeji wake kwa msimu mzima au kwa miaka kadhaa. Yeye hutoa nguvu zake. Shamba humpa malazi, chakula, posho kwa kawaida, na juu ya yote humfundisha. Shamba likiwa la bayodinamiki, anajifunza aina ya kilimo inayolitazama shamba lote, yaani udongo, mimea, mifugo na watu wake, kuwa kiumbe hai kimoja kinachopaswa kujilisha kwa sehemu kubwa chenyewe.

Kilimo hiki kilianzia kwenye mihadhara 8 iliyotolewa Juni 1924 na mwanafalsafa Rudolf Steiner katika kijiji cha Koberwitz, wakati huo Ujerumani, leo Kobierzyce nchini Poland. Wakulima ndio waliomwomba azungumze, maana waliona mbegu zao zinadhoofika na mifugo yao inasumbuliwa na maradhi katika miaka ambayo mbolea za viwandani zilikuwa zikienea. Steiner alifariki Machi 1925, miezi michache tu baadaye. Kwa hiyo waliogeuza mihadhara hiyo kuwa kazi ya mikono ni wakulima wenyewe, kwa kujaribu na kuonyeshana. Nembo ya Demeter, ambayo hadi leo hutambulisha mazao ya bayodinamiki, ilianza kutumika mwaka 1928.

Ili kuelewa kwa nini mwanagenzi analazimika kuishi pale, tazama mzunguko wenyewe. Ng'ombe hula majani ya shamba hilohilo. Samadi yao huwa mboji, mboji hurudi kwenye udongo, udongo hulisha mboga, nafaka na malisho ya mwaka unaofuata. Idadi ya mifugo hupangwa kulingana na malisho yanayoweza kuota hapo. Mimea jamii ya kunde huingizwa kwenye mzunguko wa mazao ili irudishe naitrojeni ardhini. Sasa, makosa katika mfumo kama huu hayajitokezi siku yanapofanyika. Nyasi zikikatwa zimekwisha kukomaa mno wakati wa kiangazi, maziwa yatapungua majira ya baridi. Trekta likipita shambani udongo ukiwa umelowa, mizizi ya zao linalofuata itashindwa kupenya. Aliyekuja kwa semina ya siku chache ataelezwa mambo hayo, ataandika, ataondoka. Aliyekaa mwaka mzima atayaona yakimjia, na tena mengine ni ya mkono wake mwenyewe. Kwa maoni yangu hapo ndipo uzito wote wa mafunzo haya ulipo, wala sioni njia ya mkato.

Siku ya kawaida huanza zizini kabla ya jua. Mwanagenzi anajifunza kukamua matone ya kwanza ya kila chuchu kwenye kikombe na kuyakagua, kwa sababu mabonge madogo kwenye maziwa ni dalili ya ugonjwa wa kiwele. Baada ya hapo kuna palizi, kumwagilia, kuvuna, kusafisha mboga, kutengeneza uzio, kulisha kuku, kupanga mazao ya kupeleka sokoni. Kazi nyingi hujirudia, na wako wanaokatishwa tamaa na marudio hayo. Lakini jicho la mkulima hujengwa kwa kurudia: kutambua ng'ombe anayesimama tofauti na jana, au tuta ambalo magugu yake yangali machanga kiasi cha kukatwa kwa jembe jepesi, kabla hayajahitaji kung'olewa moja moja.

Lundo la mboji ndilo darasa ninalolithamini kuliko yote. Unaweka tabaka la samadi, tabaka la majani mabichi, tabaka la majani makavu. Unashika konzi moja na kuikamua: maji yakichuruzika, pamelowa mno, konzi ikivunjikavunjika kama vumbi, pamekauka. Baada ya siku chache katikati ya lundo hufika nyuzijoto 55 au 60, joto linaloua mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa. Joto lisipopanda, huenda hewa haipiti, au majani makavu yamezidi. Lundo likinuka uvundo, linahitaji kugeuzwa. Haya yote yanaweza kusomwa, lakini mkono unajua kiwango cha unyevu kwa namna ambayo maandishi hayaifikii.

Kuna pia sehemu inayoitofautisha bayodinamiki na kilimo hai kingine, yaani kilimo kisichotumia kemikali za viwandani, nayo ni michanganyiko maalumu inayotambulishwa kwa namba 500 hadi 508. Wa 500 hutengenezwa kwa kujaza pembe ya ng'ombe samadi mbichi na kuifukia majira ya baridi kali. Inapofukuliwa majira ya kuchipua, kiasi kidogo sana hukorogwa kwenye maji kwa saa nzima, kwanza upande mmoja mpaka katikati ya pipa panatokea shimo, kisha upande wa pili, halafu hunyunyizwa ardhini. Wa 501 hutumia unga wa jiwe la kwazi, nao hunyunyizwa kwenye majani. Mingi ya iliyobaki, ikiwemo ya maua ya kamomili na ya gome la mwaloni, hutiwa kwenye mboji. Wakulima wengi wa bayodinamiki hufuata pia kalenda ya mwezi na nyota wanapopanga kupanda na kuvuna.

Mwanagenzi anastahili kuambiwa ukweli kuhusu sehemu hii. Steiner aliijenga juu ya imani yake ya kiroho, na sayansi haijathibitisha nguvu anazodai zinafanya kazi humo. Kinachoungwa mkono vizuri zaidi ni mfumo mzima. Jaribio la shambani la muda mrefu liitwalo DOK, huko Therwil, Uswisi, lililoanza mwaka 1978, linalinganisha bayodinamiki, kilimo hai cha kawaida na kilimo kinachotegemea kemikali. Matokeo ya miaka 21 yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kuwa mifumo hai ilitoa mavuno pungufu kwa asilimia 20, ingawa mbolea iliyotumika ilikuwa pungufu kwa asilimia 34 hadi 53, na udongo wake ulikuwa na uhai mwingi zaidi. Jaribio hilo halikupima michanganyiko peke yake, kwa kuwa mashamba ya bayodinamiki yalipewa mboji pia. Mtu anaweza kukoroga pipa kwa saa nzima akiwa bado na maswali yake, na mwalimu mwema hatamzuia kuyauliza.

Muda wa mafunzo hutofautiana. Mpango wa Chama cha Bayodinamiki nchini Marekani umepangwa kwa miaka 2, ukiunganisha kazi za shambani na masomo. Ujerumani kuna mafunzo ya miaka 4 ambayo mwanagenzi huyapitia katika mashamba tofauti. Kuhama huko kunasaidia sana, kwani udongo wa mfinyanzi na wa kichanga havifundishi somo moja, na hata wakulima wawili wazuri hupingana juu ya namna ya kulima.

Kuishi na mwajiri wako chini ya paa moja kuna hatari zake, na hazipaswi kufunikwa kwa maneno matamu kuhusu ardhi. Pasipo mpaka kati ya kazi na mapumziko, mwanagenzi hugeuka kibarua wa bei nafuu. Kabla ya kufungasha, omba makubaliano ya maandishi: saa za kazi, siku za kupumzika, posho, chumba chako mwenyewe, bima ya ajali, na hasa nini utafundishwa, na nani, saa ngapi. Zungumza na waliopita hapo kabla yako bila mwenyeji kuwepo. Shamba ambalo mwanagenzi wa mwaka wa pili bado haruhusiwi kupanga mzunguko wa mazao hata wa kitalu kimoja linatafuta mikono tu.

Mwisho wa mafunzo humkuta kijana ana ujuzi lakini hana ardhi. Wengine huajiriwa kusimamia kundi la ng'ombe au bustani ya mboga, wengine hukodi. Njia moja ilifunguliwa Marekani mwaka 1986 na mashamba mawili, Indian Line huko Massachusetts na Temple-Wilton huko New Hampshire: wanachama humlipa mkulima kabla ya msimu, kisha hugawana mavuno yatakayopatikana, mengi au machache. Kwa utaratibu huo mkulima anayeanza hupata fedha za mbegu bila kukopa, na mvua ya mawe ikipiga, hasara haimwangukii yeye peke yake.