4K pekee hailindi gari lililoegeshwa

Wengi huamini kwamba ukishanunua kamera ya gari yenye picha za 4K, yaani picha kali za pikseli (nukta) kama milioni 8, gari lako liko salama hata ukiwa umelala. Sivyo. Katika magari mengi, tundu la kuwashia sigara hukatika umeme unapozima gari. Kamera iliyochomekwa hapo huzimika nawe unaondoka ukidhani inalinda. Betri yake ndogo ya ndani, kama ipo, mara nyingi hutosha tu kuhifadhi faili la mwisho.

Kwa hiyo ulizia kwanza waya wa kuiunganisha kwenye boksi la fyuzi, wenye kikomo cha volti, tuseme 12.0, unaokata umeme betri ya gari ikishuka hapo, usije ukaamka na kukuta gari haliwaki. Kisha uliza kama kamera huhifadhi sekunde chache za kabla ya mgongano. Bila hizo utaona gari likitikisika tu, na aliyeligonga keshatoweka.

Ukali wa picha una maana, ndiyo. Ila usiku, pikseli milioni 8 zilizobanwa kwenye kihisi kidogo, yaani kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, hugawana mwanga haba, na kibao cha namba hubaki doa jeupe. Mimi ningechagua kamera ya 1440p, yenye pikseli chache kuliko 4K lakini kihisi kikubwa, tena yenye kamera ya nyuma.