Utelezi wa sato si uchafu: maswali mnayoniuliza kuhusu bakteria wa samaki

Ule utelezi una kazi gani hasa? Mimi huwa nausugua wote nikikamata samaki.

Kama ni samaki wa kwenda jikoni sugua tu, ila kama unamrudisha bwawani umemvua nguo. Ule ute ndo ukuta wake wa kwanza, ndani yake kuna kinga za mwili na laisozaimu, kitu kilekile kilichopo kwenye machozi yetu, inavunja ukuta wa bakteria. Halafu samaki anatoa ute mpya muda wote na ule wa zamani unabebwa na maji pamoja na vijidudu vilivyonasa.

Sasa bakteria wanashikaje kwenye kitu kinachoteleza hivyo?

Hapo ndo penyewe. Aeromonasi, bakteria wa majini anayeshambulia samaki, ana kamkia anakoogelea nako, akifika kwenye ute ana vinyweleo vidogo mno na protini za kunatia zinazokamata sukari zilizomo mle kwenye ute. Akishanata, anatoa vimeng'enya vya kula njia mpaka ngozini. Mwenzake, bakteria anayeleta ugonjwa wa kolumnarisi, hana mkia, yeye anatambaa, na huyu ndo ananiogopesha maana maabara wamemwekea ute wa samaki wakitegemea azubae, kumbe akazaliana zaidi na akajijengea utando. Yaani ukuta wa samaki kwake ni chakula!

Nilihamisha vifaranga wazima kabisa, siku ya pili wakaanza kufa. Maji ni yaleyale, kwa nini?

Swali hili naulizwa kila msimu wa kupandikiza na mara nyingi jibu liko mikononi mwako. Mikono mikavu, wavu wa mafundo, beseni lililokaa juani, samaki wamerundikana wanasuguana, kila mmoja kaondoka na mchubuko ambao huuoni. Bakteria walikuwepo majini siku zote wakisubiri tu mlango. Hapo jumlisha na joto la maji la nyuzi 28 na oksijeni iliyoshuka alfajiri, basi wanaanza kufa.

Mwangalie mgongoni chini ya pezi, kuna baka jeupe la kijivu limekaa kama tandiko la punda, ukifunua mashavu unakuta yameoza yana rangi ya manjano. Hiyo kolumnarisi.

Siku nyingine lowesha mikono na wavu kwanza, tumia wavu laini usio na mafundo, hamisha asubuhi, usiwalishe siku moja kabla, na kwenye maji ya safari weka chumvi gramu 3 hadi 5 kwa kila lita, huyu mdudu chumvi haipendi.

Nikimwaga tetrasaikilini za duka la dawa bwawani je?

Hapana. Hujui dozi, unafuga bakteria sugu na masalia yanaishia kwenye sahani yako. Muite afisa uvuvi au daktari wa mifugo.

Na sisi walaji tutaugua?

Akiiva vizuri hana shida, shida ni mbichi. Singapore mwaka 2015 watu zaidi ya 100 waliugua kwa bakteria mwingine anaitwa streptokokasi, wengine ikapanda mpaka kwenye utando wa ubongo, chanzo kikawa samaki wa maji baridi aliyeliwa mbichi, na serikali yao ikazuia kumuuza hivyo. Kwa mfugaji hatari iko zaidi mikononi: una kidonda, umechomwa na mwiba wa pezi, usitumbukize mkono bwawani bila glavu. Ukivimba ukaanza na homa nenda hospitali, na umwambie daktari kabisa kwamba unafuga samaki, asije akahangaika na mambo mengine.